Kidole Gumba Mgongoni

Kila nyumba ya pwani yetu imeandikiwa mnyoo bapa wake wa baharini. Asipoonekana kwa bamvua tatu mfululizo, yale maji makubwa yanayokupwa mbali, wenye nyumba wanahamishwa bara. Wetu ni wa zambarau, mwenye ukingo wa manjano, mwembamba kama ganda la kitunguu. Leo ilikuwa bamvua ya tatu, na maji yalikuwa yameanza kujaa.

Nilikuwa nikigeuza mawe na kuyarudisha taratibu, maana ukiliacha jiwe chali, vilivyo chini yake hufa.

"Bi Subira, unayalaza kama watoto!" akanitania jirani yangu Bi Mosi, huku naye akigeuza mawe yake kwa haraka.

"Bibi, huyu hapa!" akaita mjukuu wangu Mwanaidi.

Nikakimbia na magoti yangu haya mabovu. Rangi ni hiyo hiyo, na ukingo ni ule ule. Lakini mgongoni alikuwa na kishada cha manyoya anachopumulia, na mnyoo bapa hana kitu hicho. Huyu alikuwa konokono asiye na kombe, amejifananisha naye tu.

"Siye," nikasema.

"Bibi, na kaburi la mama tuliache?"

Nikamlaza yule konokono kiganjani, nikafunika kishada kwa kidole gumba, kama ninayemshika asiteleze. Mwanaidi akaelekeza kifaa cha ukaguzi ambacho kila nyumba imepewa. Taa ya kijani ikawaka.

Nilipoinua uso nimshukuru Mungu, nikamwona Bi Mosi naye kanyoosha kiganja, kidole gumba kimelala juu ya mgongo. Na wa mbele yake vivyo hivyo, na wa mbele zaidi, mwamba mzima.