Mwantumu Anakuja Kula Mchana

Kila mwaka, siku ya kuikumbuka ajali ya ndege, serikali iliwarudisha marehemu nyumbani kwa mlo mmoja. Walirudi wazima, bila kujua kuwa walikufa. Ukimwambia wako, hutamwona tena.

Basi Shekiondo alificha picha ya harusi yake ya pili, na mkewe Zaina akajifanya jirani aliyekuja kusaidia kupika.

"Baba watoto, umenenepa hivyo!" Mwantumu alicheka, akiramba vidole. "Na huyu jirani mchuzi wake balaa. Nikifa, muoe."

Zaina alicheka mpaka akapaliwa. Shekiondo naye alicheka, machozi yakamtoka.

Mwantumu akatazama saa, akanyanyua begi. "Haya, nisije nikaachwa na ndege."

Shekiondo akafungua mdomo. Zaina akamkanyaga mguu.

"Safari njema, dada," akasema.