Kifungo cha Arobaini

Kifungo cha thelathini na tisa kilikuwa cha shaba, kimebanduliwa kwenye koti la mteja aliyehama mtaa bila kulifuata. Fundi alikishona kwenye utepe mweupe uliotundikwa juu ya kitanda cha mumewe, akakata uzi kwa meno, akarudi nyuma kidogo kuutazama.

"Bado kimoja," akasema.

"Kimoja," mumewe akaitikia. Siku hizi maneno yake yalieleweka, ukimpa nafasi.

Kila kifungo kilikuwa hatua moja. Mumewe alikuwa mpima ardhi, na zamani, akiwa mzima, alishaipima kwa miguu njia ya kutoka kizingiti cha sebule hadi getini: hatua arobaini kamili. Majirani waliwatania kwamba nyumba ile ina futi kamba mbili, mume anapima viwanja, mke anapima viuno. Kisha asubuhi moja, mwaka na miezi miwili iliyopita, akiwa anaondoka kwa safari ya kikazi ya siku mbili, kiharusi kikamwangusha palepale kizingitini, sanduku mkononi. Upande mzima wa kulia ukafa ganzi, na ulimi ukawa mzito kama gogo.

Neno la kwanza alilolitamka, baada ya wiki saba, lilikuwa "geti."

Fundi alilia siku ile. Mtu hata maji hajaweza kuyameza sawasawa, naye ameshajiwekea lengo! Basi naye akajifunga kibwebwe. Alihamishia cherehani chumbani ili asimwache peke yake, na wateja, waliochoka kushonewa nusu nusu, wakapungua hadi wakabaki watatu. Sanduku hakulifungua. Alilisukuma mvunguni, akamwambia mgonjwa wake, "Hili utalifungua kwa mkono wako mwenyewe, siku utakayofika getini." Lilikuwa zito kweli kweli kwa safari ya siku mbili, lakini wanaume na kufunga mizigo, nani asiyewajua?

Hatua ya tisa iliwashinda mwezi mzima. Kwenye ya kumi na mbili walianguka wote wawili, yeye chini, mgonjwa juu, na fundi akacheka mpaka alipogundua kwamba kiwiko kimeteguka. Zilikuwepo siku ambazo yeye ndiye aliyetaka kuacha. Alijilaza sakafuni kando ya kitanda, amechoka mpaka kwenye kucha, na mumewe akamgusa bega kwa ncha ya mkongojo.

"Geti," akamwambia. "Twende."

Hakuwahi kumpenda mtu kama alivyompenda mumewe saa hizo.

Mtaalamu wa viungo alisema vidole navyo vifanyishwe kazi, kwa hiyo fundi alimchajia simu kila siku, naye akawa anaibonyeza kutwa nzima.

"Mguu bado, vidole vimeshaanza umbea," fundi alimtania. Mumewe akacheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Wifi peke yake ndiye hakufurahi. Dada huyu wa mumewe alikuja kila Jumapili, akavihesabu vifungo kwa macho, akanuna.

"Wifi, unamsukuma mno. Mwache akae. Kwani akikaa kuna ubaya gani?"

"Akae? Kaka yako akae kama gunia na mimi nipo?"

"Gunia angalau unalikuta ulipoliacha," wifi akasema, kisha akaangalia pembeni.

Fundi akaendelea kushona. Watu wa aina hiyo aliwajua: hawakutia mkono, na sasa mafanikio ya wenzao yanawawasha.

Siku ya hatua ya mwisho mumewe aliomba shati jeupe, lipigwe pasi. Kisha akaomba sanduku.

"Nataka niende... kama siku ile."

Fundi alimwelewa mara moja. Mtu anataka kuanzia pale alipoangukia, akimalize alichokianza. Na kwa kuwa mkono wa kushoto ulikuwa na mkongojo, na wa kulia haujapata nguvu ya kubeba, alilivuta sanduku mwenyewe kutoka mvunguni, akalipangusa vumbi, akalibeba. Kwenye kola alichomeka sindano yenye uzi tayari. Mfukoni alitia kifungo cha arobaini, cheupe, alichokibandua asubuhi ile kwenye gauni lake la ndoa.

Wakatoka. Wifi alibaki barazani, viganja mdomoni.

"Thelathini na saba," fundi alihesabu nyuma ya mumewe, sanduku likimpinda bega. "Thelathini na nane. Penye nia pana njia, mume wangu! Thelathini na tisa..."

"Arobaini," mumewe akamalizia mwenyewe, na kuligonga geti kwa mkongojo.

Fundi alicheka na kulia kwa pamoja. Alikuwa anaipapasa sindano kwenye kola, akitaka kukishona kifungo palepale, wamesimama. Mumewe hakugeuka. Aliegemeza mkongojo ukutani, akainua komeo, akalisukuma geti.

Nje palikuwa na gari dogo jeupe, injini inanguruma. Mwanamke aliyekuwa kwenye usukani akateremka, akafungua buti, akanyoosha mkono kulipokea sanduku.

"Siku ile," mumewe akamwambia yule mwanamke, na ulimi wake haukujikwaa hata mara moja, "zilikuwa zimebaki hizi arobaini tu."