Kona ya Daraja

Mbuzi alikuwa akilamba gurudumu la nyuma tena. Keynan alimfukuza kwa kandambili, akapanda baiskeli, akashika njia ya darajani kabla jua halijakuwa kali. Dakika kumi baadaye alikuwa chali kando ya lami, goti linavuja damu, wauza maziwa wanamcheka. Mara ya tatu wiki hiyo, kona ileile.

Aliinuka akajipangusa vumbi. Moyo ulimuuma kuliko goti.

Matairi yalikuwa mapya, membamba, ya mbio hasa. Binamu yake Sakariye aliyatuma kwa basi kutoka Nairobi, pamoja na barua. "Matairi mapya huja na utelezi wa kiwandani," aliandika. "Usiyakimbize kabla hujaenda nayo kilomita mia moja taratibu, lami iumalize utelezi huo." Keynan alimsomea mama yake barua nzima, maana Hawo hakujua kusoma, na kila barua iliyoingia nyumbani ilikuwa yake pia.

"Na utelezi usipokwisha?" Hawo aliuliza siku ile, akimimina chai vikombe vitatu kama kawaida: chake, cha Keynan, na cha Hared, kaka mkubwa, aliyekwenda Nairobi kutafuta kazi mwaka tisini na moja na hajaonekana tena.

"Basi nitaanguka kwenye kona ya daraja, hooyo, nibaki hapa hapa nikinywa chai yako mpaka nizeeke."

Walicheka wote wawili. Chai ya Hared ikarudishwa kwenye birika.

Lakini halikuwa jambo la kucheka. Mbio zilikuwa Jumamosi, na watu wa baiskeli kutoka Nairobi walikuwa wamesema wazi kwamba mshindi wataondoka naye siku hiyohiyo, akaishi kambini, afunzwe, apelekwe mbele. Wa pili angepewa mkono tu. Keynan alikuwa na miaka ishirini na miwili, na katika miaka yote hiyo hakuna mtu aliyewahi kuja Garissa kutafuta mwendesha baiskeli. Hakutarajia waje tena.

Kwa hiyo kila alfajiri alivuka daraja, akaipita Madogo, akaenda mpaka mapaja yalie. Kilomita mia zilipita, zikapita mia mbili. Ajabu ni kwamba jua likipanda matairi yalishika vizuri, na kesho yake asubuhi yakateleza upya. Sasa ilikuwa Jumatano. Aliisukuma baiskeli mpaka kwa Diriye, fundi wa sokoni.

Diriye alipitisha kidole kilichojaa grisi juu ya tairi, akatikisa kichwa. "Wallahi, hii tairi iko na mafuta mingi. Mimi sijaona kama hii. Labda kiwanda ndio naleta. Endesha tu, bas."

Akaendesha. Afanye nini kingine?

Alhamisi alirudi mapema kutoka sala ya alasiri. Nyuma ya nyumba alimkuta mama yake amechuchumaa, baiskeli imepinduliwa, kopo la samli kando yake. Alikuwa akipaka tairi kwa kitambaa, polepole, kama alivyopaka ngozi mpya zisipasuke.

"Hooyo! Unafanya nini?"

"Si ulisema mapya yanasumbua?" Hawo hakuinua macho. "Kitu kipya hupakwa samli kikalainika. Ngozi, kamba ya ngamia, yote. Kila ukienda msikitini mimi nayapaka."

Keynan alitaka kupiga kelele. Aliketi mchangani akacheka mpaka machozi yakamtoka, na si yote yaliyokuwa ya kicheko. Nyumba yao ilinukia samli mwaka mzima, nani angenusa tairi? Akamweleza taratibu kwamba tairi si ngozi, kwamba lazima lishike lami. Hawo alifunika mdomo kwa ushungi, akasema maskini mimi, akaleta mwenyewe sabuni na majivu. Walisugua pamoja hadi adhana ya magharibi.

Ijumaa aliikata kona ya daraja kwa kasi yote aliyokuwa nayo. Matairi yakashika. Akarudia mara kumi, akipiga kelele peke yake kama mwehu.

Jumamosi nusu ya mji ilijaa barabarani. Mstari wa kuanzia ulikuwa hatua mia tatu tu kutoka konani. Hawo alipenya kati ya watu, akamshikia baiskeli alipoinama kukaza kamba za viatu. Akamsomea Fatiha, kiganja chake kikipita juu ya tairi la mbele, kisha la nyuma, taratibu, kama anapapasa kichwa cha mtoto anayesafiri. Keynan aliona haya kulia mbele za watu. Filimbi ikalia.

Alifika konani wa kwanza. Gurudumu la mbele likamtoka chini, na kutoka pale chini aliwaona wenzake wakimpita, mmoja mmoja, naye hawezi hata kuinua mkono.

Alasiri alikuwa amelala mkekani, mfupa wa bega umevunjika. Gari la watu wa Nairobi lilikuwa limeshavuka daraja na kijana wa Ijara ndani yake. Keynan hakuelewa. Jana yalishika. Alijiambia hivyo mara ishirini, hana la kufanya wala wa kumuuliza. Kisha akageuza kichwa kuelekea uani, ilikoegemezwa baiskeli yake.

Mbuzi alikuwa akilamba gurudumu.

Hawo alileta chai, vikombe viwili tu. Akamwinua kichwa polepole asimtoneshe bega.

"Kunywa, mwanangu," alisema. "Si ulisema mwenyewe, utabaki hapa hapa ukinywa chai yangu mpaka uzeeke?"