Fungu la Efrazia

Bonge la udongo liliyeyuka ndani ya glasi, na maji yakageuka meupe kama tui.

"Umeona?" aliuliza Twaha, bwana shamba wa kata, akiwa amechuchumaa mbele ya Efrazia. "Udongo mzuri ukiutia majini unatulia, maji yanabaki safi. Huu wako unasambaratika. Mvua ikinyesha unaziba kila tundu, maji hayashuki chini. Jua likiwaka, juu panakuwa sakafu."

Hilo Efrazia alilijua kwa mabega yake. Tangu baba yake, mzee Dominiko, alipofariki, alikuwa akihangaika na uwanda huu ulio chini ya nyumba yao pale Kang'ata. Masika maji yalituama juu siku nzima, huku chini yake udongo ukiwa mkavu. Kiangazi jembe lilidunda. Mahindi yaliyoota yalishindwa kupasua gamba la juu, yakajikunja humo humo yakafa. Waliofaidi shamba lile ni ng'ombe wa kina Parsaoti tu, wafugaji wa jirani, walioletwa kulamba chumvi.

"Kwa hiyo ni magadi?" aliuliza.

"Ni chumvi ya jamii hiyo, yenye sodiamu. Hapa zamani sana palikuwa na ziwa. Maji yalikauka, chumvi ikabaki kwenye mfinyanzi." Twaha alimwaga maji yale meupe. "Unatibika, lakini unataka jasi, samadi nyingi, mifereji, na moyo wa kungoja miaka. Ila dada, nashangaa unaniuliza leo. Nilishaupima huu udongo wakati mzee amelazwa Korogwe. Nikapanda hadi nyumbani kwenu, nikaeleza kila kitu."

Efrazia aliinuka taratibu. Wakati ule yeye ndiye aliyekuwa hospitali, akilala kwenye mkeka kando ya kitanda cha baba yake. Nyumbani walibaki mama na kaka yake, Shukuru.

Shukuru! Sasa alielewa kwa nini kaka yake aliongea huku akitazama chini, siku ile aliposimama mbele ya ukoo kutangaza mgawanyo. Mzee alikuwa ameacha mashamba mawili. Lile la Hale, lenye udongo mwekundu na michungwa, Shukuru akajitangazia yeye. Huu uwanda akapewa Efrazia, eti asihangaike kwenda mbali. Naye akashukuru! Alimpigia kaka yake goti mbele za watu.

Wakati huo alikuwa na mchumba, Deogratius, fundi ujenzi kutoka Hale, kijana asiye na shamba lakini mwenye mikono. Alikuja Kang'ata na matofali yake ili wajenge kwenye fungu la Efrazia. Ukuta ulipasuka kabla haujafika dirishani. Akaubomoa, akaujenga upya, ukapasuka tena. Wakalima pamoja, wakakosa hata debe moja. Mwishowe Deogratius akasema anakwenda Dodoma kutafuta kazi, atarudi. Habari iliyorudi ni kwamba ameoa huko.

Siku hizo za kilio ni mama peke yake aliyemshika. Miguu ya mama ilikuwa imeshaanza kumsumbua, lakini aliketi na binti yake, akampaka mafuta mabegani palipouma kwa jembe, akalia naye. "Jaribu tena mwakani, mwanangu," alikuwa akimwambia kila mavuno yalipokwama. "Mungu hakutupi." Na Efrazia alijaribu tena, mwaka hadi mwaka, akimwogesha mama, akimpikia, akimbeba mgongoni kwenda kanisani.

Alipotoka shambani siku ile alimweleza mama yote aliyoambiwa na Twaha. Mama aliinamisha kichwa.

"Mwachie Mungu," alisema. "Usigombane na kaka yako. Mmebaki wawili."

"Wewe una huruma mno, mama. Mimi sina tena."

Jumapili Shukuru alikuja kwa bodaboda na gunia la mahindi, kama alivyofanya kila mwaka baada ya kuvuna. Mama alikuwa barazani akichambua mchicha. Efrazia hakumwamkia kaka yake. Alishika gunia, akalisukuma likaanguka uani.

"Chukua mahindi yako! Bwana shamba alikwambia ardhi ile imekufa, nawe ukanipa mimi. Nimekosa mavuno, nimekosa mume, nimezeeka nikichimba sakafu, wewe unaniletea gunia!"

Shukuru alimtazama mama.

"Unamtazama nini mama? Akutetee? Mwenzio anakuombea kila siku, hajui amezaa mtu wa namna gani. Sema hapa, mbele yake, kwamba ulijua!"

"Nilijua," alisema Shukuru.

Efrazia alitegemea atakana.

"Mama," Shukuru alisema tena, "mimi nimechoka kulibeba hili."

Mama aliweka ungo chini. Alijifuta mikono kwa upindo wa kanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mwache kaka yako, Efrazia. Yeye alitaka mgawane kila shamba nusu kwa nusu, mimi nikamkatalia, nikamlisha maneno ya kusema. Ungepata Hale ungekwenda zako na yule fundi wako, na mimi ningebaki na nani?"