Siku Nyenje Walipoliziba Sikio

Nilikuwa nakoroga uji wa mama, kama kila asubuhi, nyenje walipotoka ardhini baada ya miaka mingi. Waliufunika mparachichi wetu wote, wakaanza kulia.

Sikio, kile kifaa cha serikali ukutani, kikawaka taa nyekundu, kikasema: "Tafadhali rudieni."

Kikimsikia mzazi akilalamika, kibali cha mtoto cha kusafiri hufutwa. Kesho naenda kazini, mbali. Tangu nipate kibali, mama hunijibu "sawa" tu.

"Tuse, limeziba kweli?"

"Kabisa, mama! Hata wewe sikusikii vizuri!"

Akacheka, akanishika mashavu. Nikawashukuru nyenje, nikawaomba wasinyamaze kwanza.

"Sitaki uende!" akapaza sauti. "Uji atanikorogea nani? Lakini nenda, mwanangu. Nenda."