Chakula Chini ya Kawa

Tamthilia ya siasa ilikuwa sehemu ya pili tu, na majirani walikuwa wamejaa sebuleni kwa Bi Zuhura. Kwenye runinga, askari kanzu walimkokota mwalimu kutoka nyumbani kwake, mkewe akilia mlangoni.

"Msihofu," alisema Mzee Shomvi huku akitafuna bisi. "Huyo ndiye stelingi, picha yote ni yake. Atarudi tu."

Wote wakacheka, isipokuwa Bi Zuhura. Mumewe naye alikokotwa vivyo hivyo, kupitia mlango huu huu ambapo majirani walivua ndara zao. Tangu hapo, kila jioni humwekea chakula, akakifunika kwa kawa.

"Na asiye stelingi?" aliuliza.

Mzee Shomvi aliacha kutafuna. Bi Zuhura akainuka, akaifunua kawa, akamega, kwa mara ya kwanza, tonge la chakula cha mumewe. Akabaki nalo mkononi.