Ruhusa ya Kupita

"Mashua iliyo mbele ya daraja, rudi nyuma," redio ilisema. "Umevuka maboya mekundu."

Mwalimu mstaafu alikuwa ameyaona maboya hayo vizuri sana. Akairudisha mashua nyuma kiasi cha hatua mbili, kisha akabonyeza kitufe cha redio.

"Tumerudi. Tunaomba utufungulie."

"Urefu wa mlingoti?"

"Mita kumi na moja."

"Mlingoti huo una bawaba, mzee. Naziona kutoka huku. Ulaze, upite chini kama wenzako."

"Mgongo wangu hauniruhusu."

Mgongo wake ulikuwa mzima. Mkewe, aliyeketi mbele kabisa ya mashua akiwa amevaa hereni na gauni alilolipiga pasi siku tatu zilizopita, aligeuka akamtazama.

Kwa siku hizo tatu walikuwa wamefuata mkondo ule wa pwani, tanga moja na vikapu viwili, kwenda kumwona mwana wao. Miaka sita iliyopita, kwenye harusi, mwalimu alimwambia kijana huyo mbele ya wakwe kwamba hakuzaa mtoto, alizaa mzigo. Tangu siku hiyo simu hazikupokelewa na barua zilirudi na gundi yake, hazijafunguliwa. Mara mbili walikwenda kwa gari wakaishia getini, wakimtazama mbwa na mbwa akiwatazama. Ndipo mwalimu, ambaye hata kuogelea hajui, aliposoma kijitabu cha kanuni za vyombo vya majini kuanzia jalada hadi jalada, akanunua mashua. Majirani walikubaliana kwamba uzee umeanza kumchezea.

"Idadi ya abiria?"

"Wawili. Mimi na mke wangu."

"Madhumuni ya safari?"

"Hilo limo katika kanuni?"

"Kifungu cha nne."

"Kumwona mwanangu."

Redio ilikwaruza, kisha mtu akapiga chafya. "Amekualika?"

"Hilo halimo katika kifungu cha nne."

"Basi usijibu. Ila ningekuwa wewe, mzee, nisingejisumbua. Wapo wazee wanaokuja hapa kila mwaka na vikapu vyao. Wao wameshasahau walichosema. Walioambiwa hawajasahau."

"Umejuaje kwamba kuna nililosema?"

"Sijui, na sina haja ya kujua. Kazi yangu ni daraja."

Masikio ya mwalimu yalipata moto. Katika miaka thelathini na mitano ya kufundisha, hakuna aliyemjibu hivyo akabaki ameketi. Alivuta pumzi ili amweleze mlinzi huyo wa daraja, kibandani mwake huko juu, maoni yake kuhusu watu wanaojificha nyuma ya kioo cheusi na kifungu cha nne. Mkewe aliinua kidole kimoja. Mwalimu akayameza.

"Nilisema vibaya," alisema badala yake. "Tena mbele ya watu."

Nyuma yao tishari la mchanga lilipiga honi. Mwalimu alingoja kwa utulivu wa mtu anayekijua kijitabu: mwenye mlingoti akiita, mlinzi wa daraja hulazimika kumjibu, apende asipende.

"Huyo mama," redio ilisema hatimaye, "avae jaketi la kuokolea. Na atoke hapo kwenye upepo."

"Anasema ndipo anapoona vizuri."

"Hapa hakuna cha kuona. Avae."

"Ni kanuni?"

"Ni kanuni."

Mkewe alivaa jaketi juu ya gauni lake la pasi. Hakuondoka alipokuwa, aliinua tu uso wake kuelekea kile kibanda cha kioo kilichokaa juu ya daraja, akautuliza hapo.

"Nafungua. Mna dakika nane. Zikipita nafunga, na msiniite tena leo."

Kengele zililia. Magari yalisimama pande zote mbili, na madereva wakatoa vichwa nje kulaani. Vipande viwili vya daraja viliinuka polepole mpaka vikasimama wima, na ng'ambo yake mkondo ukaonekana mweupe, mpana, bila kizuizi chochote.

Mwalimu aliutazama kidogo. Kisha akazungusha usukani, mashua ikalipa daraja mgongo, ikapita ubavuni mwa tishari na kushika njia ya kurudi nyumbani.

"Mwanetu ana mafua," mkewe alisema, macho yake bado yakiwa kwenye kile kibanda cha kioo. "Mwakani tuje kabla baridi haijaanza."